Mninga au bodi, kioo au mbao: kuchagua samani za nyumba ya Pwani

Ukipita Keko, Dar es Salaam, makochi mapya yamepangwa pembeni mwa barabara yakiwa bado na nailoni, rangi zake zinavutia kutoka mbali. Hatua chache mbele, fundi seremala anapiga randa ubao wa mninga na maranda yanamrundikia miguuni. Mwenye pesa ya kununua kimoja tu hujiuliza: nichukue kinachopendeza, au kinachodumu na kufanya kazi? Naona swali hilo linatupotosha, kwa sababu linafanya uzuri na kazi kuwa mahasimu. Swali linalosaidia zaidi dukani ni hili: uzuri wa kitu hiki umekaa wapi?

Kuna uzuri ulio ndani ya mwili wa kitu: mistari ya mbao, uwiano wa miguu na kiti, mkono wa aliyesuka. Huo ukikwaruzwa unabaki, na pengine miaka ikiupitia unaongezeka. Kuna uzuri uliobandikwa juu: karatasi yenye picha ya mbao, ngozi bandia, rangi ya dhahabu ya kupulizia. Huo una tarehe yake ya kuisha, na ganda likishatoka, mara nyingi kazi nayo inafuata, maana ganda ndilo lililokuwa likizuia maji na uchafu. Wahenga walilijua hili waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo simshauri mtu anunue kitu kibaya machoni kwa kuwa tu ni imara. Kisichopendwa hakitunzwi. Hakipigwi vanishi, hakifutwi vumbi, na mwishowe kinasukumwa stoo kikiwa kizima. Kupendeza ni sehemu ya kudumu.

Ulinganisho huu ni wa nyumba za Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu pamoja na visiwani. Huku mwamuzi wa kwanza ni hewa yenyewe: joto, unyevu, chumvi ya bahari, na mchwa wasiolala. Kilichomfaa mtu wa Njombe au Nakuru kinaweza kuharibika Tanga kabla ya mwaka wa pili.

Kabati la nguo: mbao au bodi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bodi ni nyuzi au chenga za mbao zilizokandamizwa kwa gundi na joto, kisha zikavikwa karatasi au plastiki nyembamba. Ile ya nyuzi laini ndiyo MDF. Ile ya chenga ni dhaifu zaidi na ndiyo iliyojaa ndani ya makabati mengi ya bei ya chini. Sifa zake ni za kweli, nisizifiche. Imenyooka, haina fundo, haipindi yenyewe, inapokea rangi vizuri kuliko mbao nyingi, na kabati la milango mitatu linaweza kufika nyumbani siku ileile uliyolipa. Shiti moja la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 18 lina uzito wa kama kilo 40, kwa hiyo yule anayedhani bodi ni nyepesi atashangaa siku ya kulibeba.

Ugonjwa wake ni maji, na maji huingilia ukingoni. Kona ya chini ikipigwa deki kila asubuhi, nyuzi zinanyonya, zinavimba, na uvimbe huo haurudi hata ukianika kabati juani. Ugonjwa wa pili ni skrubu. Ikiwekwa mara ya kwanza inashika. Ukiifungua na kuirudisha kwenye tundu lilelile, inazunguka bila kukaza, kwa sababu nyuzi zimeshasagika. Bawaba zinaanza kulegea, mlango unaning'inia, na kabati lililokuwa pambo la chumba linafungwa kwa kipande cha kitambaa.

Mninga ni mti wa miombo, unaotoka zaidi Tabora, Katavi, Rukwa na maeneo ya jirani. Ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mafundi wanaupenda kwa sababu moja kubwa: ukishakauka, hausinyai wala kuvimba sana majira yakibadilika. Droo ya mninga iliyotengenezwa vizuri inateleza Aprili wakati wa masika na inateleza Januari. Kiini chake hakipendwi na mchwa. Lakini kuna sehemu nyeupe ya nje ya gogo, na hiyo bungua wanaila bila shida. Ukiona unga laini chini ya kitanda cha "mninga" asubuhi, jua uliuziwa weupe.

Mbao nyingine nazo zina tabia zake. Nimeziweka pamoja na bodi ili zionekane kwa jicho moja. Uzito ni wa makadirio, kwa mita moja ya ujazo ya mbao iliyokauka.

| Mali | Uzito | Mchwa na bungua | Unyevu wa Pwani | Inafaa zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Mninga | kilo 640 | kiini kinastahimili, weupe hapana | inatulia sana | makabati, vitanda, viti |
| Mkongo | kilo 800 | inastahimili vizuri | inatulia | milango, meza nzito |
| Msaji (mtiki) | kilo 650 | inastahimili vizuri | ina mafuta yake, inavumilia mvua | samani za barazani |
| Paini | kilo 450 | inaliwa isipotiwa dawa | inanyonya, inasogea | fremu za ndani, rafu |
| Bodi ya MDF | kilo 750 | mchwa wanaweza kuila | inavimba ikilowa | milango ya rangi, mahali pakavu |

Msaji wa Tanzania unatoka mashamba ya kupandwa, kama Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, na paini nyingi inashuka kutoka Sao Hill, Mufindi. Nataja hilo kwa sababu mninga na mkongo ni miti ya asili inayokua polepole mno. Ukichagua msaji au paini iliyotiwa dawa pale inapokidhi haja, unauacha mninga kwa kazi inayouhitaji kweli. Mimi nalijali hilo, na naamini anayependa mbao nzuri anapaswa kulijali.

Sasa uamuzi. Watu wengi husema: mimi nimepanga, nachukua bodi, nikijenga nitanunua mbao. Mimi naona ingekuwa kinyume. Kuhama ndiko kunakoua bodi. Kila ukifungua na kufunga, skrubu zinalegea. Kila ukiburuta, kona zinabomoka. Mpangaji anafaidika zaidi na kabati dogo la mbao la milango miwili, lililounganishwa kwa boliti ili lifunguke vipande na kupita ngazini. Mwenye nyumba yake, asiyetarajia kuhama, ndiye anayeweza kujengewa kabati la bodi ukutani likakaa miaka mingi, mradi ukuta hauna unyevu, kabati limeinuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni, na kingo zote zimezibwa. Mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote ni mwili wa plaiwudi nzuri au mbao, na milango ya MDF iliyopigwa rangi: kila mali inafanya lile inaloliweza.

Jambo moja la afya: gundi ya bodi nyingi hutoa formaldihaidi, ile harufu inayochoma macho ukifungua kabati jipya. Liache wazi siku kadhaa, madirisha yakiwa wazi, kabla ya kuweka nguo za mtoto mchanga.

Kitanda: nguzo nne au kitanda cha sofa

Kitanda cha sofa kimeshika soko. Kina mgongo mrefu uliojazwa sponji na kuvikwa kitambaa au reksini (ngozi bandia) yenye vifungo, kiko chini karibu na sakafu, na kikipigwa picha kinapendeza kweli. Kando yake weka kitanda cha samadari, kile cha kale chenye nguzo na nakshi, au hata kitanda cha kawaida cha mbao chenye nguzo nne. Vijana wanakiona cha bibi.

Lakini jiulize chandarua utakifunga wapi. Nchi zetu bado zina malaria, na chandarua kila usiku ni kazi ya kitanda kama lilivyo godoro. Nguzo nne zinalibeba chandarua la mraba likiwa limetanuka, halimgusi aliyelala, na mchana linakunjwa juu kwa mpangilio. Kitanda cha sofa kinakulazimisha kupigilia misumari dari au kutumia chandarua la duara linaloning'inia katikati na kuangukia usoni. Nguzo ambazo leo tunaziona pambo zilianza kama jibu la tatizo, na bado ni jibu. Kwa nyumba ya Pwani isiyo na nyavu madirishani, hapa mimi sina mashaka: nguzo.

La pili ni hewa chini ya godoro. Kitanda cha chaga zilizoachana sentimita 5 au 6 kinaruhusu godoro kupumua. Kitanda kilichofungwa kama sanduku, chenye plaiwudi nzima chini ya godoro na droo za kuhifadhia mashuka, kinabana jasho na unyevu. Geuza godoro baada ya masika uone madoa meusi ya kuvu. Ukiipenda droo hiyo kwa sababu chumba ni kidogo, na sababu hiyo ni ya haki kabisa, mwambie fundi atoboe matundu kwenye plaiwudi na uwe unasimamisha godoro ukutani mara kwa mara.

La tatu ni kunguni. Wanajificha kwenye mishono, mikunjo na nyufa. Mgongo wa vifungo hamsini una mahali pa kujificha hamsini, na huwezi kuuvua kuufua. Nakshi za kuchonga nazo zina nyufa zake, hilo lazima lisemwe, ila mbao unaweza kuifuta, kuipaka dawa na kuiona yote.

Pale kitanda cha sofa kinapoizidi samadari ni kwa msomaji wa kitandani na mama anayenyonyesha, wanaohitaji mahali laini pa kuegemea. Mito miwili migumu inatatua hilo kwa gharama ndogo, lakini naelewa anayesema si sawa.

Kuhusu saizi, tano kwa sita imezoeleka mno hadi watu hawaipimi. Futi 6 ni sentimita 183. Mtu mwenye urefu huo, akiweka mto na kunyoosha miguu, amekwisha nje ya godoro. Kwa warefu, omba urefu wa futi 6 na nusu na ulipie godoro la kuagiza. Hakuna nakshi itakayokufidia usingizi.

Makochi: kitambaa au ngozi bandia

Reksini inauzwa kwa sentensi moja: unafuta tu. Kwa mwaka wa kwanza ni kweli. Mtoto akimwaga chai, kitambaa chenye maji kinamaliza kazi. Tatizo ni kwamba ngozi bandia nyingi ni tabaka jembamba la poliyurethani juu ya kitambaa, na poliyurethani huvunjika taratibu penye joto na unyevu pamoja, yaani hali yetu ya kila siku. Inaanza kupasuka pale kichwa na mikono vinapogusa, kwenye mafuta ya ngozi na jasho, halafu inachubuka na kuacha vipande vyeusi kwenye nguo za wageni. Hapo hakuna kufuta, hakuna kushona. Ni kuvalisha upya kochi zima. Na hata kabla ya kuchubuka, kukalia reksini saa nane mchana bila kiyoyozi si starehe.

Kitambaa kinabeba vumbi na madoa. Kinapumua, kinashonwa, na kikitengenezwa kwa mavazi ya kuvua yenye zipu, kinafuliwa. Zipu hiyo ndiyo ninayoishauri kuliko rangi yoyote. Fundi atakuambia kochi lenye mavazi ya kuvua halikazi vizuri kama lililopigwa pini, na yuko sahihi. Sura yake ni legevu kidogo. Huo ndio uzuri ninaokubali kuupunguza, kwa sababu kochi safi lenye mkunjo linapendeza kuliko kochi lililonyooka lenye harufu. Mahameli ya rangi iliyokolea niyaache kwa vyumba vyenye kiyoyozi: yanashika joto na yanaonyesha kila alama ya kiganja.

| | Reksini | Kitambaa kilichopigwa pini | Kitambaa chenye zipu |
|---|---|---|---|
| Kilichomwagika | kinafutwa papo hapo | kinaacha doa | kinafuliwa |
| Joto la mchana | inanata mwilini | inavumilika | inavumilika |
| Ikichakaa | inachubuka, hairekebishiki | inavalishwa upya na fundi | unashona vazi jingine |
| Sura siku ya kwanza | inang'aa | imekaza | imelegea kidogo |

Chini ya vazi kuna mambo mawili yanayoamua zaidi, na dukani hayaonekani. Kwanza sponji. Uzito wake kwa mita ya ujazo ndio unaoeleza maisha yake. Kwa kiti cha kukaliwa kila siku tafuta kilo 28 au zaidi, na kama muuzaji hajui, inua mto mmoja: mwepesi kama mto wa kulalia utabonyea mapema. Pili fremu. Geuza kochi, chana kidogo kile kitambaa cheusi cha chini kwa ruhusa ya fundi, angalia ndani. Ukiona vipande vya makasha vilivyounganishwa kwa misumari, bei ya nje haina maana.

Kuna pia maumbo. Kochi lenye umbo la L limetengenezwa kwa sebule pana. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 tu. Ukiingiza L humo, mlango wa ndani unazibwa na watu wanapita kwa ubavu. Vyumba vile vilipangiwa viti vya kuegemea ukutani, na bado ndivyo vinavyovifaa. Hata kwenye nyumba mpya, kabla hujalipa, pima upana wa mlango na kona ya ngazi, kisha chora umbo la kochi sakafuni kwa chaki na upite pembeni yake siku nzima.

Wazee wasisahaulike. Kiti cha sentimita 45 kutoka sakafuni, chenye kina cha sentimita 50 hivi na mikono imara ya kusukumia, kinamwezesha babu kuinuka peke yake. Makochi mengi ya sasa yako chini na ndani sana. Mgeni mzee akihitaji kuvutwa mkono ili asimame, kochi hilo limemvunjia heshima mbele ya watu.

Meza: kioo au mbao

Hapa sichelewi. Kioo kinafanya chumba kidogo kionekane kikubwa, na ndicho anachokinunulia mtu. Kinadai kufutwa kila siku, kinapiga kelele kila ukiweka kikombe, na usalama wake unategemea aina. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha; kilichoimarishwa kwa joto kinasambaratika kuwa punje ndogo. Tafuta alama yake iliyochapwa konani. Ukiikosa, chukulia ni cha kawaida. Milimita 10 za kioo zina kilo 25 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo miguu myembamba ya kupendeza lazima iwe ya chuma kigumu kilichopakwa rangi vizuri, na huku Pwani kutu itaanza pale rangi ilipokwaruzika. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, nachagua mbao bila kufikiria mara mbili.

Kwa meza ya kulia, vipimo vinazidi mtindo: kimo cha sentimita 75, na sentimita 60 za ukingo kwa kila mlaji. Ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 120 inakaa watu wanne kwa nafasi na sita kwa kubanana, na kila mtu anaifikia sinia ya katikati. Kwa familia zinazokula kutoka sinia moja, mviringo unashinda mstatili kwa uzuri na kwa kazi.

Sakafuni: zulia au mkeka

Zulia nene linaipa sebule heshima ya papo hapo, hasa la rangi nzito. Huku kwetu linashika vumbi, linashika unyevu, na kulifua ni shughuli ya familia nzima na siku mbili za jua. Kwenye vyumba vya kiyoyozi vya Maskati au Dubai linaleta maana: hewa ni kavu, sakafu ni baridi, mguu unahitaji joto. Ndugu wanaoleta zulia zawadi kutoka huko wanaleta upendo, lakini pia wanaleta jibu la hali ya hewa nyingine.

Mkeka wa ukindu ni baridi chini ya mguu, unafutwa kwa kitambaa kibichi, unakunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango wageni wakiondoka, na chumba kimoja kinakuwa cha kulia, cha kuswalia na cha kulala kwa siku moja. Uzuri wake uko kwenye mwili kabisa: rangi zimetiwa kwenye ukindu kabla ya kusukwa, na kila ukili, yaani mkanda uliosukwa, umeshonwa kwa mwenzake kwa mkono. Ukikatika mshono, unashonwa. Adui yake ni jua kali, linalofifisha rangi na kukausha ukindu ukavunjika, na maji yakiachwa chini yake unaota kuvu. Usiuweke chini ya meza yenye miguu myembamba, miguu inautoboa.

Mikeka ya plastiki inauzwa kwa sura inayofanana. Kwa barazani inakonyeshewa mvua, nunua tu, hapo inaushinda ukindu. Ndani ya nyumba, mguu mtupu unajua tofauti.

Pale uzuri unapostahili kulipiwa

Kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar hakikutengenezwa kwa ajili ya kulala mchana. Mgongo wake umenyooka, umesimama juu, una njumu za pembe au mfupa kwenye mbao nyeusi, na kilikalishwa mgeni wa heshima. Kazi yake ilikuwa kumheshimu mtu, na uzuri ndio ulioifanya kazi hiyo. Ukitazama vizuri, hata hapo waliokitengeneza hawakuisahau hewa yetu: kiti na mgongo vimesukwa kwa uzi, upepo unapita. Zidaka za nyumba za Lamu zilitoa somo hilohilo. Ni vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, vyenye kuta zilizochorwa nakshi, vikibeba sahani na vyombo vya thamani bila kuchukua hata shubiri moja ya sakafu. Ukilinganisha na shoo kesi ya kioo inayomeza theluthi ya sebule ili kuonyesha vikombe visivyotumika, zidaka zinaishinda mchana kweupe. Anayejenga leo anaweza kumwomba fundi mwashi aache vishubaka vitatu ukutani kabla ya plasta.

Kwa hiyo ninapomsaidia mtu kugawa bajeti, namwambia achague kitu kimoja tu cha kulipia uzuri bila kubana: mlango wa mbele, sanduku la njumu za shaba, au kiti kimoja cha kuchonga. Kile kitakachoonwa na kila anayeingia. Vingine vyote, kuanzia rafu za jikoni hadi stuli ya bafuni, viwe sahili, vifanye kazi, na visishindane nacho. Nyumba yenye nakshi kila pembe haina nakshi inayoonekana.

Anayetaka kulipeleka sanduku la Zanzibar London au Toronto ajue kwamba mbao ya Pwani hukaa na unyevu wa kama asilimia 14 hadi 16, na ndani ya nyumba yenye hita wakati wa baridi inaweza kushuka hadi asilimia 6 au 8. Mbao inasinyaa na kufunguka viungo. Aliweke mbali na hita, na kama linatengenezwa upya, amwambie fundi linakokwenda kabla hajakata ubao.

Kwa kila utakachoagiza cha mbao, patana na fundi jambo hili mwanzoni, na liandikwe kwenye risiti: utakuja kukiona kikiwa kimeungwa lakini hakijapigwa msasa wa mwisho wala vanishi, na sehemu ya malipo itabaki hadi hapo. Vanishi ya rangi huufanya weupe wa mninga ufanane na kiini, na unga wa mbao uliochanganywa na gundi huziba pengo la kiungo kilichokosewa. Nenda mchana, si jioni. Angalia kama kuna mistari myeupe upande wa ndani wa miguu na chini ya droo. Vuta droo zote hadi mwisho na uzirudishe. Shika kitanda konani ukisukume kwa ubavu. Kikilia sasa, vanishi haitakinyamazisha. Fundi mzuri hakasiriki ukifanya hivyo, na wengi wao watakuonyesha wenyewe ubao walioutupa pembeni kwa ajili yako.